Ufunguo wa Choo cha Ghalani

Kila asubuhi Avelina alikunja gunia tupu, akalikalia, akavuta ungo na kuanza kuchambua maharage. Mabovu aliyatupa kushoto, mawe kulia, mazuri yakaingia kwenye debe. Mikono yake ilikuwa myepesi. Kabla jua halijapata nguvu, alikuwa amejaza madebe mawili.

Siku hiyo hakujaza hata moja. Baridi ilimshika ghafla, meno yakagongana, na kiuno kikamuuma kama kinapasuliwa. Ungo ukamponyoka. Maharage yakatawanyika sakafuni, naye akaanguka juu yake, mkono mmoja tumboni. Alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza.

Kija, mwenzake wa kuchambua, alimgusa shingoni. "Huyu anaungua," alisema. "Iteni bajaji."

Ghala hilo la mazao lilikuwa Izia, mjini Sumbawanga. Watu ishirini walifanya kazi pale, na kati yao wanawake walikuwa sita. Choo kilikuwa kimoja tu. Hapo awali kilikuwa wazi kwa wote, na kila aliyeingia alikiacha kibaya kuliko alivyokikuta. Wengine hawakumwaga maji. Wengine walijipangusa kwa magunzi ya mahindi, wakayatumbukiza shimoni, mpaka choo kikaziba na uchafu ukafurika hadi mlangoni. Kila aliyeulizwa alisema si yeye. Tajiri mwenye ghala akakasirika. Aliita mafundi wakazibua, kisha akatia kufuli. Ufunguo akampa msimamizi, mzee Isdori.

Mzee Isdori alikuwa baba mkwe wa Avelina.

Wengine waliuomba ufunguo bila shida. Kija, mama wa Kisukuma asiyejua kunong'ona, alisimama katikati ya ghala na kusema, "Mzee, lete ufunguo, la sivyo leo utapiga deki." Wanaume walicheka, na mzee akautoa huku ameinamisha uso. Lakini Avelina angeanzia wapi? Nyumbani kwao Kasense hakuwahi hata kupita mbele ya mzee huyo akiwa ameshika kopo la kwendea chooni. Kwao, mkwe hatamki neno hilo mbele ya baba mkwe. Kija alijitolea kumwombea. Avelina alikataa, kwa sababu mzee angeona ni nani anayeingia. Na nje hapakuwa na kichaka. Nyumba zilibanana pande zote.

Basi akaacha kunywa maji. Alikunywa chai nusu kikombe alfajiri, kisha hakuna kitu mpaka jioni. Haja ikimbana, alibana magoti na kuendelea kuchambua. Miezi mitatu ilipita hivyo. Mkojo ulipoanza kumchoma, alinyamaza. Mumewe, Yusto, alikuwa Kasanga akipakia mizigo kwenye maboti. Kila alipopiga simu, Avelina alimwambia kwamba yeye na mtoto ni wazima.

Mtoto alizaliwa hospitalini siku ileile aliyoanguka ghalani, kabla jua halijazama. Alikuwa msichana. Alilia kidogo sana, akaishi saa moja. Muuguzi aliyeitwa Debora alimbatiza kwa maji ya kikombe, kisha akamfunika.

Kesho yake Debora alikuja kuketi kando ya kitanda.

"Dada, ulikuwa unakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku?"

Avelina alitazama ukuta. "Mara mbili. Asubuhi na jioni."

"Na maji ya kunywa?"

"Sikunywa. Choo cha ghalani kina kufuli, na ufunguo anao baba mkwe wangu."

Debora hakumgombeza. Alimweleza polepole kwamba mjamzito hushambuliwa upesi na maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu asipokunywa maji, na mkojo ukikaa muda mrefu kwenye kibofu, vijidudu huzaliana. Vikipanda hadi kwenye figo, huleta homa kali, na uchungu unaweza kuja kabla ya wakati. Dawa zipo, tena salama kwa mjamzito. Siku ile ile mkojo unapoanza kuchoma, ni kwenda kupimwa.

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu?" aliuliza Avelina.

"Hapana," alisema Debora. "Wewe ulifungiwa choo."

Kwenye msiba, watu walisema alibeba mizigo mizito. Mzee Isdori mwenyewe aliwaambia waombolezaji kwamba mkwewe alikuwa akichota maji kwa ndoo kubwa. Avelina alikuwa ndani, amejifunika kitenge. Alisikia yote.

Baada ya wiki mbili, Debora alifika ghalani pamoja na bwana afya. Hakumtaja mtu. Tajiri alinung'unika kwamba kufuli likitoka, choo kitachafuka ndani ya juma moja.

"Kufuli halijasafisha choo," alisema Debora. "Limewazuia watu tu."

"Sisi wanawake humu hatunywi maji, tajiri," Kija akadakia. "Uliza yeyote."

Wanawake wengine wanne waliinamisha vichwa. Tajiri aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamwita fundi.

Kufuli likatolewa, na kikajengwa choo cha pili, cha wanawake, chenye komeo kwa ndani. Kila choo kikawekewa pipa la maji na kopo, na ndoo yenye mfuniko ya kutupia karatasi, magunzi na pedi zilizofungwa vizuri. Nje paliwekwa ndoo ya bomba na sabuni. Bwana afya alisimama hapo akawaonyesha. Unamwaga maji mpaka sinki linatakata. Unatazama nyuma kabla hujatoka. Unanawa kwa sabuni, hadi katikati ya vidole, ndipo unarudi kushika chakula cha watu. Ikapangwa zamu ya usafi. Kijana mmoja alisema kuosha choo ni kazi ya wanawake. Kija akamuuliza kama anapoingia kukitumia huwa anageuka mwanamke.

Mahindi mapya yalipoanza kuingia, kuhara kulikokuwa kukilaza watu wawili watatu kila wiki kulikuwa kumepungua sana. Wanawake walikunywa maji mbele ya kila mtu. Mwenzao Jenifer, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, hakuachana na chupa yake. Avelina alirudi kazini, naye akanywa. Ila kila alipoingia choo kile kipya, alifunga komeo, akasimama kidogo na kulia, kisha akafuta uso.

Jumamosi moja zamu ya kuosha choo cha wanaume ilikuwa ya mzee Isdori. Avelina alikuja kuteka maji kwenye pipa la hapo, la wanawake likiwa limeisha, akamkuta ameinama na brashi. Alitaka kurudi.

"Ngoja," alisema mzee. Aligeuka akampa mgongo, ili asimtazame usoni. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye brashi hadi miguuni.

"Mwanangu, niliwaambia watu ulibeba ndoo. Si kweli. Mimi nilikuwa nakuona. Ulikuwa unainuka, unakuja hatua mbili upande wangu, unarudi kukaa. Kila siku. Nilijua unataka nini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na niliona aibu kukuita."