Mwani wa Vioo

Kisomamwani, mashine ya kupima usafi wa maji, kilianza kazi saa tatu na nusu asubuhi, kama kila siku. Mkono wake wa chuma ulizama katika Mto Lwangu, ukaokota mawe matano na kuyasugua kwa brashi, kisha ute uliotoka ukachemshwa kwa asidi. Kilichobaki ni maganda ya mwani-kioo, viumbe visivyoonekana kwa macho, ambavyo kila kimoja hujijengea ganda la kioo. Aina nyingine hupenda maji safi, nyingine hunenepea uchafu. Mashine iliyahesabu maganda, ikazitambua aina zake, ikatoa hukumu. Taa ya mnara wake ikawaka bluu: maji ni salama. Saa nne kamili milango ya maji ingefunguka kwa mtaa wote wa Bondeni.

Watu wa Bondeni hawakufurahi. Walisimama darajani wamenuna, na injinia Sekela Mwakalobo, aliyekibuni kisomamwani, alijua wanamchukia. Naye hakuwapenda. Siku tatu walikuwa wakimwambia maji yanaua, siku tatu akiwajibu kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo.

Mama Tusajigwe, mfua nguo wa Bondeni, alimsogelea na kikombe cha maji aliyoyachota mtoni.

“Kunywa, Injinia.”

“Mama, taa ni ya bluu.”

“Ndiyo maana nakwambia unywe. Mume wangu aliiona bluu hiyohiyo, akanywa. Jana tumemzika.”

Sekela alikipokea kikombe. Mkono ukagoma kupanda. Aliona aibu kali, maana mwili wake ulikuwa umekiri jambo ambalo mdomo wake ulilikana siku tatu nzima.

Alishuka mtoni kwa hasira, akaokota jiwe, akalisugua kwa mswaki wake wa zamani wa maabara na kuweka tone chini ya hadubini ya mkononi, bila kulichemsha. Kila ganda lilipaswa kuwa na doa la hudhurungi ndani, ambalo ndilo uhai wenyewe. Yote yalikuwa matupu. Sumu iliyoingia ghafla ilikuwa imeua mwani wote wa maji safi, na vioo vyake vimebaki vimeng'ang'ania mawe. Asidi hula nyama na kuacha kioo, kwa hiyo mashine haikuweza kutofautisha aliye hai na mfu. Mafundi wa zamani walikuwa wakitazama tone bichi kwanza. Hatua hiyo aliifuta yeye, ili kuokoa dakika kumi.

Aliiamuru mashine ifunge maji. Ikamjibu kwa adabu kwamba haipokei amri ya binadamu. Sheria hiyo pia aliitunga yeye, asije mkubwa fulani akaishinikiza. Zilikuwa zimebaki dakika nne milango ifunguke. Akapanda jukwaa lililobeba mashine, akaligonga jicho lake la kusomea maganda kwa jiwe lilelile mpaka likapasuka. Mashine isiyoona haifungui chochote. Taa ilizimika, na milango ikabaki imefungwa.

Hakuna aliyempigia makofi. Sekela aliteremka, vidole vikivuja damu, akamweleza Tusajigwe kwamba mashine ilikuwa ikihesabu wafu.

“Na sisi tuliokuja kwako tukiwa hai, tukisema,” mama akamjibu, “hukutuhesabu.”

Akachukua kikombe chake, akamwaga yale maji, akaondoka.