Mlango wa Kijani, Kona Mbili Kuelekea Ziwani

Jumamosi moja ya Desemba, jua likikaribia kuzama, Damaris aliopoa nakatamali mbili kutoka kwenye sufuria, akazikung'uta maji na kuzipanga kikapuni. Majani ya mgomba yalikuwa bado yanafuka. Ndani yake kulikuwa na unga wa mahindi, pande la nyama ya nguruwe na jani moja la mnanaa, vile vile bibi yake alivyomfundisha.

"Hizi za nani, bibi?"

Bibi Tránsito alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha kubembea, akitazama barabara. "Kuna karatasi imesukumwa chini ya mlango. Soma wewe, macho yangu yamechoka."

Damaris aliisoma kimoyomoyo. *Nakatamali mbili. Kutoka duka la dawa la Socorro, kona mbili kuelekea ziwani, mlango wa kijani.*

Hakuona ajabu, akaitia mfukoni mwa aproni. Mjini Managua watu hawaelekezani kwa namba za nyumba. Huelekezana kwa vitu, na vingi vya vitu hivyo havipo tena. Tetemeko la ardhi la mwaka sabini na mbili liliangusha katikati ya mji, lakini hadi leo mtu atakwambia uanzie palipokuwa na sinema, au palipokuwa na mti mdogo, na wewe utafika. Duka la Socorro lilianguka kabla Damaris hajazaliwa. Kiwanja chake alikijua. Alidhani mwandishi alikuwa na haraka, akasahau kuandika kwamba ni pale duka lilipokuwa. Akajiongezea mwenyewe kichwani.

Hapo ndipo alipokosea.

"Usikawie," alisema bibi. "Kwa vidole hivi vilivyokakamaa siwezi hata kuwasha taa."

Don Chilo, fundi viatu wa jirani, alimwona akipita na kikapu. "Unaelekea magofuni, Damaris? Wateja wako huko ni paka na walevi."

"Walevi nao wana matumbo, Don Chilo."

"Haya. Ukipotea muulize mlevi. Mwenye akili timamu atakudanganya."

Alicheka, akaenda zake.

Kiwanja kilikuwa kimejaa magugu hadi kiunoni. Joto lilikuwa limetulia, lile joto lisilo na upepo ambalo wazee wa mji hawalipendi, maana ndilo lililotangulia tetemeko. Damaris alisimama, akageukia ziwani, akaanza kuhesabu kona.

Kisha akasikia harufu.

Iodini… na spiriti ya hospitali.

Aligeuka. Nyuma yake, pale alipokuwa amekanyaga magugu, palisimama duka. Vioo virefu, chupa za kahawia, taa inawaka. Juu ya mlango, kwa herufi za rangi ya dhahabu: Socorro.

Alitaka kurudi. Lakini barabara aliyopitia haikuwapo. Pande zote mbili zilisimama nyumba za ghorofa za udongo na mbao, zimebanana ukuta kwa ukuta. Mbele ya kila mlango palikuwa na kiti cha kubembea, na juu ya kila kiti mtu.

Hakuna mbwa aliyebweka.

Damaris aliharakisha, maana njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa ya kwenda ziwani. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa, na kando yake dirisha dogo la nondo. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kitu kikikwaruza mbao… polepole… kikipumzika… kikianza tena.

"Hodi," alisema.

Mkwaruzo ulikoma. Mkono ulipenya kati ya nondo. Ulikuwa umejaa vumbi jeupe, na kucha zake zilikuwa zimekatika hadi kwenye nyama.

"Umechelewa," sauti ilinong'ona. "Zimepoa?"

"Bado za moto. Fungua nikukabidhi."

"Pamefungwa kwa nje."

Uso ulisogea dirishani. Msichana wa miaka kumi na saba, mikia miwili ya nywele, mwanya katikati ya meno ya mbele. Damaris aliujua mwanya huo. Ulikuwa ukutani kwao, kwenye picha iliyo juu ya kitanda cha bibi.

Kwao habari ya Amparo, mdogo wake bibi aliyekufa katika tetemeko, ilisimuliwa kwa namna moja tu, neno kwa neno, kila Desemba: alikuwa amelala, hakuhisi kitu.

"Tránsito hajambo?" msichana aliuliza. "Alisema anakwenda kucheza dansi mara moja tu. Mimi nikamwambia nitamfuata. Akafunga mlango, akacheka, akasema atarudi kabla chakula hakijapoa."

Damaris aliangusha kikapu, akakimbia.

Aliliacha ziwa mgongoni, akapita kona mbili, akatokea kwenye mlango wa kijani. Akaenda upande wa machweo, akatokea kwenye mlango wa kijani. Jua lilikuwa limekwama palepale juu ya mapaa, haliendi. Alimshika bega mzee mmoja aliyeketi kitini. Vumbi lilimwagika kutoka kwenye nywele zake kama unga kwenye chekeche.

"Baba, nipeleke nyumbani. Nakaa kona tatu kusini mwa tangi la maji la njano."

"Tangi gani, mama?" Mzee aliwatazama wenzake. "Huko hakuna tangi. Huko ni mashamba ya pamba."

Watu wa vitini walicheka taratibu, wote kwa pamoja.

Ndipo Damaris alipoelewa. Humu hapakuwa na kitu hata kimoja cha kumwelekeza kwao, kwa sababu kwao kulikuwa bado hakujajengwa. Akamfikiria bibi yake, ameketi gizani, akingoja mtu wa kuwasha taa. Bibi hakuwa na mwingine.

Alirudi dirishani mwenyewe.

"Niache niende," alinong'ona.

"Kisha nani atakaa na mimi?"

Vyombo vilianza kugongana ndani ya nyumba. Kidogo tu. Kikombe na kisahani.

"Nitamtuma mwenye ufunguo," alisema Damaris.

Amparo alitabasamu, mwanya wote ukaonekana.

Magugu. Paka mmoja. Mbali, taa za magari.

Nyumbani alimkuta bibi gizani. Aliwasha taa, akaketi sakafuni, akasimulia. Alisimulia vyote ila ahadi ile. Alipofika kwenye kufuli la nje, bibi alivuta uzi shingoni, ule ambao Damaris alidhani maisha yake yote kwamba una medali ya mtakatifu. Ulikuwa na ufunguo.

"Miaka hamsini nimewaambia alikuwa amelala," alisema bibi. "Nilimsikia akiniita, Damaris. Nilikuwa barabarani nimesimama na viatu vya dansi. Ukuta ulikuwa bado haujaanguka. Miguu ilikataa." Aliufumbata ufunguo kiganjani. "Nieleze njia."

"Kutoka duka la Socorro lilipokuwa…"

"Sivyo alivyoandika. Kwake duka bado limesimama."

"Ndivyo, bibi."

Bibi aliurudisha ufunguo kifuani. "Umeanza kunidanganya kama nilivyowadanganya mimi," alisema, akaenda kulala.

Jumapili jioni, Damaris alitoka kuchota maji. Aliporudi, kiti cha kubembea kilikuwa bado kinabembea. Karatasi haikuwamo tena kwenye mfuko wa aproni aliyoiacha msumarini. Don Chilo alisema bibi alipita akitembea wima, amevaa viatu vya kisigino. "Nikamwambia, Tránsito, unakwenda dansi? Akanijibu, nimechelewa."

Kiwanjani Damaris alikuta magugu tu. Alikwenda kila jioni juma zima, akaita hadi sauti ikakauka. Mara moja tu alisikia harufu ya iodini, na kufuli likifunguka mahali fulani, karibu sana.

Jumamosi iliyofuata, jua likikaribia kuzama, karatasi ilisukumwa chini ya mlango. Mwandiko ulikuwa wa bibi.

*Nakatamali tatu. Njia unaijua. Uje ule nasi, mjukuu wangu, mlango hatufungi tena.*

Damaris alifungua mlango kwa ghafla. Barabarani hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa umekufa, na mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamenyamaza.

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka. Alifunua kifuniko. Asubuhi alikuwa amefunga nakatamali nyingi, na wateja walikuwa wamekuja kuzichukua, mmoja mmoja.

Zilibaki tatu.