Damu ya Pacha Wangu

Kila siku saa moja asubuhi simu ya mama hulia kengele ya dawa, naye huniletea kidonge na glasi ya maji. Pacha wangu huletewa chai tu. Tunafanana mpaka walimu hutuchanganya, lakini mimi nilizaliwa na virusi vya UKIMWI, yeye hakuvipata.

Mwaka huu nilichoka. Sikulia wala sikukasirika. Moyo ulikufa ganzi tu. Kidonge nilikibana chini ya ulimi, mama akigeuka nakitema.

Kliniki walipopima, virusi vilikuwa vimeongezeka mno. Nesi akaagiza nitoe damu tena ili maabara isome jeni za virusi hivyo, ijulikane kama dawa bado inavimudu. Niliogopa siri yangu itafichuka.

"Wee, tulia!" pacha wangu akaninong'oneza. "Naingia mimi. Nani atajua?"

Akavaa sweta langu, akatoa damu.

Wiki mbili baadaye mtaalamu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani, alituita sisi wawili na mama.

"Sikupata jeni za kusoma," alisema. "Damu hii haina kirusi hata kimoja. Nani alichomwa sindano?"

Pacha wangu alinitazama.

"Yeye," nilisema. "Na dawa huwa natema."

"Mwanangu! Kwa nini?" mama akaduwaa.

"Kwa nini mimi na si yeye?" Nilisema hivyo kama mtu anayesoma ubaoni.

Mama aliinama. "Miaka kumi na miwili naliogopa swali hilo."

Mtaalamu akavua miwani. "Sikiliza, binti. Virusi vikijinakili hukosea kidogo, jeni zikabadilika. Mama yako alikuwa na vya aina nyingi, na mara nyingi kinachofaulu kuvuka kwa mtoto ni kimoja tu. Kwako kilivuka, kwa mwenzako hakikuvuka; hakuna aliyekuchagua. Lakini ukimeza dawa leo ukatema kesho, virusi vinapata nafasi ya kubadilika hadi dawa ishindwe. Na ukileta damu ya mwenzako, tunamtibu nani?"

Nilinyoosha mkono wangu mwenyewe. Sindano iliuma, nami nikalia kwa kwikwi, mama amenikumbatia.

Majibu yalirudi: dawa bado inafaa.

"Umeponea chupuchupu," mtaalamu aliniambia. "Mashine yangu husoma damu, haisomi moyo. Siku ukichoka, usiteme. Sema."