Joho la Zambarau na Sahihi ya Mama Akongo

Damalie Mugeni hakuwa na cherehani. Hakuwa na simu, wala kaka wa kumtuma sokoni. Hakuwa na viatu vyeusi vya vifungo, ambavyo kila shabiki wa kweli wa Bibi Mizani alitakiwa kuvaa. Alikuwa na malapa yaliyoshonwa upande mmoja kwa uzi wa gunia. Hakuwahi kulala hotelini hata siku moja. Na likizo ile ya Agosti hakuwa na mama nyumbani, maana mama yake alikuwa amekwenda kijijini Sop Sop kumuuguza bibi. Pengo hilo la mwisho ndilo lililokuja kumgharimu kuliko mengine yote.

Hata hivyo, mtoto huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa na mikono isiyochoka na kichwa kinachoshika mambo. Kila asubuhi alifagia ua, akachemsha chai, kisha akampelekea baba yake chupa ya chai na viazi vitamu karibu na geti la mpaka wa Busia. Baba yake, Patroba, alikuwa wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za malori yanayovuka. Damalie alipenda kukaa pale kidogo na kuuliza maswali, naye Patroba hakuwahi kumfukuza. Ndivyo alivyojifunza habari ya bondi. Lori likiingia Uganda na mzigo unaokwenda nchi nyingine, mwenyewe huweka dhamana forodhani. Hakuna anayeila fedha ile. Inashikiliwa tu, na siku lori linapotoka salama upande wa pili, ofisa hutia sahihi na dhamana inafutwa.

Bibi Mizani, ikiwa hujamsikia, alikuwa mhusika wa hadithi ya michoro katika gazeti moja la watoto: ajuza mwenye joho la zambarau, anayekaa penye mizani ya malori na kugundua kila kilichofichwa chini ya turubai. Watoto wa Busia walimpenda kana kwamba ni jirani yao. Mwaka ule mashabiki wake waliitisha kongamano la siku mbili mjini Tororo, Jumamosi na Jumapili, pamoja na gwaride la mavazi. Mwalimu Harriet aliwachagua wanafunzi wanne, Damalie na rafiki yake Phiona wakiwemo. Shule ililipia vyumba mapema, na kwa kuwa ilitaka mzazi mmoja aongozane nao, Patroba akajitolea.

Joho la Damalie lilitokana na mifuko ya kitambaa ya unga wa ngano. Alilishona kwa mkono kwa siku tisa, mshono mmoja mmoja, hata mwalimu alipouona alidhani ni kazi ya fundi. Ijumaa jioni akalitia rangi katika sufuria kuukuu. Mama yake angekuwepo angemwambia atie chumvi katika maji ya rangi, kisha asuuze mara nyingi mpaka maji yatoke meupe. Damalie hakuijua habari ya chumvi. Alisuuza mara moja, akalikamua, akalala.

Jumamosi asubuhi walifika Tororo, kwenye hoteli ya ghorofa mbili inayotazamana na Mwamba, lile jabali kubwa la mji ule. Hapo mapokezi palizuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kijana wa mapokezi, Ochen, aliwaeleza kwa upole kwamba vyumba vimelipiwa kweli, lakini kila kundi huacha dhamana ya shilingi laki tatu, kwa fedha taslimu au kwa kadi ya benki, kwa ajili ya kitu kikiharibika. Mwalimu Harriet hakuwa na kadi, na fedha zake zote zilikuwa nauli na chakula cha watoto. Patroba alikuwa na kadi. Katika akaunti yake mlikuwa na laki tatu na elfu chache, na zote zilikuwa na kazi: Ijumaa iliyofuata alipaswa kulipia leseni yake ya uwakala, laki mbili na elfu themanini. Bila leseni, geti la forodha lingefungwa mbele ya uso wake.

Aliitoa kadi kwa shingo upande. Punde simu yake ikalia: benki ilimwarifu kwamba laki tatu haziwezi kutumika. Patroba akavaa miwani, akasoma mara mbili, akamgeukia Ochen.

"Kijana, umekata pesa yangu."

"Hapana, mzee. Pesa bado ni yako, iko kwa akaunti yako. Imeshikiliwa tu. Mkitoka na chumba kiko sawa, tunaiachilia, na benki inaifungua baada ya siku mbili, tatu."

"Karatasi yenye mhuri iko wapi?"

Ochen alisema mashine haitoi mhuri. Patroba, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kumwachia mtu kitu chenye thamani bila kupewa karatasi iliyogongwa mhuri, akasema basi hatoki pale. Foleni ikaanza kurefuka nyuma yao. Wanafunzi wakawa wanatazama viatu vyao.

"Baba," Damalie akasema taratibu, "si ni bondi tu? Sisi ndio lori. Tukitoka salama, inafutwa."

Patroba akamtazama binti yake, kisha akacheka mpaka miwani ikateleza. Alisema kwamba amekaa forodhani tangu binti huyu hajazaliwa, na leo amefundishwa kazi yake. Ochen naye akacheka, akasema hajawahi kusikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri hivyo, na kwamba atawaambia wageni wote wa mpakani hivyo hivyo. Ili kumridhisha mzee, aliandika stakabadhi kwa mkono na kuigonga mhuri wa stoo ya jikoni, ulioandikwa IMEPOKELEWA. Patroba akaikunja na kuitia mfuko wa shati.

Siku ile ilikuwa ya ajabu. Damalie aliona mabibi Mizani zaidi ya sitini ukumbini, wafupi kwa warefu, hata wavulana wenye vilemba. Mama Akongo, mhudumu wa vyumba pale hotelini, alimwazima pini nne za kubania joho. Lakini jioni, walipokuwa wakirudi, mvua iliwakuta njiani. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili. Damalie na Phiona wakalala kimoja, na juu ya kile kingine wakalitandaza joho lisije likajikunja.

Alfajiri walipoliinua, palikuwa na doa la zambarau la ukubwa wa sinia. Lilikuwa limepita tandiko jeupe na shuka mpaka godoro.

Damalie alikaa sakafuni. Kilichomjia kichwani kwanza kilikuwa ni leseni ya baba yake. Phiona hakuwa mtoto mbaya, ila alikuwa na haraka ya kutatua mambo. Aliligeuza godoro, akageuza shuka, akalikunja tandiko hivi kwamba upande safi ukawa juu. Alipoona mwenzake hajanyanyuka, akamtania.

"Bibi Mizani gani huyu anaogopa shuka? Inuka bwana. Baba yako atapata pesa yake, na sisi tunakwenda kwenye gwaride."

Saa mbili Mama Akongo alikuja na karatasi yake kukagua chumba. Alihesabu taulo, akawasha na kuzima taa, akatazama kitanda. Mkono wake ulikwenda kwenye tandiko, kisha ukasita na kulipapasa tu.

"Watoto wa Busia, chumba chenu ni safi kuliko cha watu wazima," alisema. "Sina haja ya kufunuafunua." Akatia sahihi. Damalie akamrudishia pini zake nne bila kumtazama machoni.

Katika gwaride kila mshiriki alipaswa kusema neno moja la Bibi Mizani. Damalie alikuwa amechagua lile alilolipenda kuliko yote: "Mizani yangu haisomi karatasi, inasoma mzigo." Alilisema, lakini katikati aliinamisha macho kwenye joho lake. Waamuzi walidhani ni ufundi wa kuigiza, wakampa nafasi ya pili na seti ya brashi za rangi. Watoto watatu wa Tororo walimfuata na wazazi wao, wakitaka awashonee majoho kama lile, kwa shilingi elfu kumi na mbili kila moja. Mwalimu Harriet alijawa na fahari. Damalie alishukuru kwa adabu, akaandika vipimo vya watoto wale.

Waliposhuka Busia, walipita penye meza ya mzee Mukhwana, muuza vocha za simu karibu na geti. Patroba akasimama kumsalimu kama kawaida yake. Damalie alikuwa amemsalimu mzee huyo mara mia, lakini jioni ile alimtazama kwa macho mengine. Mukhwana alikuwa ofisa wa forodha zamani. Rafiki yake alimwambia lori la sukari limeshatoka, naye akatia sahihi bila kuliona. Sukari ilikuwa imeshushwa na kuuzwa humu humu nchini. Rafiki hakuulizwa kitu. Aliyetia sahihi ndiye aliyepoteza kazi.

Hatua kumi mbele, Damalie akasimama. Akamweleza baba yake kila kitu, tangu rangi mpaka godoro lililogeuzwa, bila kumtupia Phiona lawama. Alisema joho lilikuwa lake na kunyamaza kulikuwa kwake.

Patroba aliikumbuka leseni. Alijua vizuri hesabu yake. "Chumba kimekaguliwa na sahihi imetiwa," alisema, kama anayejisemea. "Dhamana ikishafutwa, hakuna wa kutudai."

"Na Mama Akongo, baba?"

Patroba aligeuka kumtazama Mukhwana, aliyekuwa akipanga vocha zake mezani. Kisha akatoa simu na ile stakabadhi yenye mhuri wa jikoni, na kupiga namba ya hoteli.

Ochen alishusha pumzi aliposikia. Doa lilikwisha kuonekana mchana, na Mama Akongo alikuwa ameambiwa kwamba gharama ya dobi, elfu arobaini na tano, itakatwa katika mshahara wake, maana yeye ndiye aliyeandika kwamba chumba ni salama. Ndivyo ilivyokuwa kanuni pale. Alimpa meneja simu. Meneja alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo hajapigiwa simu ya namna ile. Alikubali kuchukua elfu arobaini na tano katika fedha zilizoshikiliwa na kuachilia zilizobaki kesho yake. Lakini ili kumwondolea Mama Akongo makato na kosa lililoandikwa katika jalada lake, alihitaji maelezo ya maandishi kabla ya Ijumaa, siku ya kufunga orodha ya mishahara.

Hapo ikabaki habari ya leseni. Fedha zitakazofunguliwa pamoja na zile chache zilizobaki zisingetosha, zingepungua kwa elfu ishirini na mbili. Damalie hakungoja kuulizwa. Asubuhi ya Jumatatu alimpigia mama yake kwa simu ya baba, akapata somo zima la chumvi. Kisha akamwita Phiona. Rafiki huyo alipoambiwa yote, aliinamisha kichwa, akasema ataosha yeye. Siku mbili walikata, wakashona kwa cherehani waliyoazimwa na jirani, wakatia rangi katika maji yenye chumvi. Phiona alisuuza mara kumi na moja, akihesabu kwa sauti, mpaka maji yakatoka meupe kabisa. Damalie aliyapitisha majoho juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, na kitambaa hakikupata hata alama. Wazazi wa Tororo walituma fedha kwa simu Jumanne jioni. Baada ya kununua rangi, zilibaki elfu thelathini. Jumatano saa tatu, benki ilipozifungua fedha, Patroba akalipa leseni yake, akaweka risiti mezani ili binti yake aione.

Ilibaki barua. Damalie alikuwa ameiandika upya mara nne, kwa sababu kila mara aliona kuna mahali amejitetea. Ile ya mwisho ilikuwa fupi. Ilisema joho lilikuwa lake, doa aliliona yeye, alilificha akijua, na Mama Akongo aliamini watoto kwa sababu ni mtu mwema, si kwa sababu ni mzembe. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya Phiona mwenyewe, ya kuomba radhi kwa kuligeuza godoro.

Patroba aliisoma akiwa amesimama. Damalie akamsogezea mhuri wake wa uwakala, akamwomba augonge chini ili barua iaminiwe.

Patroba akausogeza kando. "Hii haihitaji mhuri wangu, mama. Andika jina lako lote, inatosha." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Nikwambie kitu nilichochelewa kukijua. Hoteli ilishika fedha zangu kwa sababu haikutujua, na hilo si kosa. Hata sisi forodhani tunafanya hivyo. Mama Akongo hakushika kitu. Alituamini bure. Anayekuamini bure ndiye wa kuogopa zaidi kumwangusha, maana hana dhamana yoyote ila wewe. Kosa lako ulilisema wakati kunyamaza kungekupa faida. Usiache tabia hiyo, hata ukiwa mkubwa, hata mimi nikikwambia vingine kama nilivyokaribia juzi."

Damalie akaandika jina lake lote. Akaikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa uji mzito wa muhogo na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akaiweka juu ya kifurushi cha majoho matatu, na pamoja na Phiona wakakipeleka stendi. Dereva wa gari la Tororo aliuliza kifurushi ni cha nani na bahasha ni ya nani. Damalie akamtajia wazazi wale na meneja wa hoteli, akamlipa, na akasimama palepale mpaka gari lilipopinda kona.