Misumari Isiyoshika Kitu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, tena la wema. Mama alimlaza mwanawe mchanga kwenye kona ya karakana, akaenda kupiga msasa miguu ya kabati. Aliporudi alimkuta amefunikwa shuka hadi kidevuni, taratibu, kama afanyavyo mtu mwenye huruma.

"Asante kwa kumfunika mtoto," akamwambia mumewe.

"Nimfunike saa ngapi, mama, na mikono yote hii gundi?"

Mama akacheka, akidhani mumewe anaona haya kushukuriwa.

Walitengeneza samani mpya zilizofanana na za kale, kwa mbao za nyumba zilizobomolewa. "Sisi tunaficha uzee, wateja wetu wanautafuta," mumewe alizoea kutania. Kabati hili lilitokana na mlango mmoja mzito. Katikati yake kulikuwa na misumari mirefu isiyoshika kitu, si bawaba wala komeo. Mumewe, ambaye ndiye fundi, aliing'oa yote kwa koleo, kama anavyofanya kwa kila ubao wa zamani, isije ikamharibia makali ya randa.

Mtoto akaanza kukataa ziwa. Alifumba mdomo, akageuza shingo kulitazama kabati. Ajabu ni kwamba hakukonda. Mashavu yalimjaa, na pumzi yake ikanukia udi ambao hawakuwahi kuuchoma.

Adhuhuri moja, msumeno ulipozimwa, mama alisikia ndani ya kabati mtu akiguna wimbo wa kubembeleza, polepole, na chini ya wimbo ule mlio wa mtoto anayenyonya kwa njaa, ilhali wake alikuwa hapo mbele yake, amelala, midomo ikivuta hewa, na maziwa yakimchuruzika shavuni.

"Umesikia?"

"Nimesikia," mumewe alinong'ona. "Usipaze sauti."

Wakampigia simu aliyewauzia mlango.

"Mmeing'oa? Masikini nyie! Mganga ndiye aliyeipigilia. Humo mna jini jike, halina mtoto. Irudisheni, palepale ilipokuwa!"

Fundi akatafuta matundu, akasimamisha msumari wa kwanza, akapiga nyundo. Mtoto akapiga yowe mikononi mwa mamaye.

"Amestuka tu," fundi akasema, jasho likimtoka. Akapiga tena. Mtoto akakakamaa, akawa wa buluu mdomoni, na kifuani pake, chini ya fulana, pakatokea alama nyekundu, ndogo, ya mviringo.

"Baba, acha! Unampigilia mtoto!"

Nyundo ikaanguka. Mama akamtolea mtoto ziwa, akamsihi, akamlowesha midomo kwa maziwa yake mwenyewe. Mtoto akayatema. Akalia hadi sauti ikamkauka, akabaki anahema kwa shida, mikono ameinyoosha kuelekea kabati.

"Mama, tufanyeje?" mumewe akauliza, kwa sauti kama ya mtoto.

Maziwa yakimlowesha nguo, mama alimbusu mwanawe kwenye paji la uso, akaufungua mlango wa kabati, akamwingiza humo akale.