Bibi Mmoja wa Kisongo

Kila Jumamosi asubuhi Nashipae humsaidia bibi yake kusafisha vibuyu vya maziwa. Koko, kama wajukuu wote wanavyomwita, huchoma kijiti cha mti wa olorieni na kukisugua ndani ya kibuyu mpaka kinukie. Kisha hushona shanga kwenye mkanda wa ngozi wa kibuyu, huku akieleza rangi ipi inakaa wapi.

Jumamosi hii Nashipae hakugusa kitu. Aliketi amefura kwa hasira, kijarida mkononi.

"Shikamoo hutoi, kazi hufanyi. Una nini?" aliuliza Koko.

"Shikamoo, Koko. Princess ameniibia! Mimi na yeye tuko klabu moja shuleni, na tumetengeneza kijarida cha mila za kwetu. Habari ya vibuyu nimeandika mimi, nimechora mimi, karatasi nimekunja mimi. Yeye alipeleka steshenari kutoa kopi tu! Sasa jalada linasema, 'Kimeandikwa na Princess.' Na Jumatatu kinawekwa kwenye kabati la kumbukumbu la shule. Kitakaa humo miaka na miaka!"

"Huo ni wizi wa mchana kweupe," alisema Koko, naye akiwaka. "Hebu nisomee."

Nashipae akasoma kwa sauti: "'Bibi mmoja wa Kisongo anasema kibuyu kisichosuguliwa kwa moto huharibu maziwa.'"

"Ngoja. Huyo bibi mmoja ni nani?"

"Ni... ni wewe, Koko."

Koko aliweka kibuyu chini. "Miaka sitini natunza vibuyu, leo mimi ni bibi mmoja? Unamlalamikia Princess, na wewe je? Kweli nyani haoni kundule!"

Aibu ilimshika Nashipae. "Sikukudharau, Koko. Kwetu mkubwa hatajwi jina. Watu wote wanakuita Mama Koikai, kwa jina la baba. Na mimi... jina lako silijui."

"Mdomoni usinitaje, hiyo ni heshima. Lakini kabatini nani atajua Koko ni nani? Leta kalamu. Andika Nasieku Yiamat."

Jumatatu Nashipae alimweleza Mwalimu Fransiska, mlezi wa klabu, kosa lake kwanza, kisha la Princess. Princess alijitetea kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

"Jina lako lilienea, la mwenzako ndilo likakosa nafasi?" mwalimu alimuuliza kwa ukali.

Princess akainama, akaomba radhi. Wakati wa mapumziko wasichana hao walitengeneza jalada jipya lenye majina matatu. La Nasieku Yiamat lilikuwa la kwanza.

"Kumficha aliyekufundisha ni uongo, hata kama kila ulichoandika ni kweli," mwalimu aliwaambia akifunga kabati. "Maarifa yana mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Nashipae alileta kopi moja ya kijarida, na Koko akataka kuonyeshwa jina lake. "Niko wapi?"

Nashipae akamshika kidole, akakiweka juu ya jina. Alitaka kulitamka, lakini midomo yake ikawa mizito.

"Acha," alisema Koko, bila kuondoa kidole. "Hilo ni la kabatini. Wewe niite Koko. Haya, shika kijiti, maziwa yanasubiri."