Kioo cha Bwana Carswell

Mvua ikinyesha tu ndipo mnanikumbuka. Kukiwa na jua hakuna hata mmoja wa kuniletea ndoo ya makaa. Haya, kaeni. Na wewe wa mwisho hapo, ukishtuka, chai yako isimwagike kwenye zulia langu.

Shangazi yangu Ishbel alikuwa mtumishi hapahapa Govan, penye karakana za meli kando ya mto, kwa Bwana Carswell, msanifu wa zile meli kubwa za mwanzo za kuvusha abiria kwenda Amerika. Kabla ya kuchora, Bwana huyo alichonga mfano mdogo wa meli kwa mti. Alichonga nusu tu, ubavu mmoja, maana ubavu wa pili ni uleule. Akimaliza huipachika kwenye uso wa kioo cha ukutani, na kioo kinamalizia nusu iliyobaki. Kazi nzuri, sikatai. Ilimpinda kidole gumba cha mkono wa kulia.

Sasa wenye meli wakataka sitaha moja zaidi, juu kabisa, matajiri wapate kunywa chai wakitazama bahari. Bwana alijua meli haitaibeba. Akabandika kipande cha mti juu ya ile nusu, akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata Ishbel akawa anapangusa vumbi. Meli ya mti imesimama wima. Ya kwenye kioo imelala ubavu.

Akamwita Bwana. Bwana akatazama, uso ukamgeuka rangi, akatupia kitambaa juu ya kioo.

"Umemwambia nani?" akanong'ona.

"Sijamwambia mtu, Bwana. Ila Lachlan wangu atakuwa ndani siku ya kuishusha majini. Ing'oe hiyo sitaha."

"Wageni wameshaalikwa. Wewe kazi yako vumbi."

Lachlan, mchumba wake, alikuwa seremala karakanani. Siku zile meli zilikuwa zikishushwa majini mafundi wakiwa bado ndani, nyundo mkononi, ili kazi isilale.

"Usipande, Lachlan. Nakusihi."

"Nibaki nchi kavu kwa ajili ya kioo?" Akacheka, akamtekenya kwa ule mkono wake usio na kidole cha mwisho, shoka lilishakila. "Ukishaolewa wewe, utanitisha hata kwa sufuria."

Siku ikafika. Chupa ya uzinduzi ikapasuliwa ubavuni mwa meli. Bendi ikapiga. Meli ikateleza, ikaingia mtoni. Ikayumba. Ikainama. Watu wakashangilia, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Haikuinuka.

Mafundi walisikika wakigonga kwa ndani. Kisha hawakusikika.

Waliochunguza wakasema ni mkondo wa mto. Bwana akapewa mkono wa pole, akarudi kwake kula nyama. Ishbel akafunua kioo. Kilikuwa kimejaa alama za viganja, mbichi, zinachuruzika. Akapangusa. Kitambaa kikatoka kikavu. Alama zilikuwa upande wa ndani.

Kiganja kimoja hakikuwa na kidole cha mwisho.

Bwana akaagiza kioo kipya. Kabla ya chai ya jioni, viganja vilikuwa vimerudi.

Baridi ilipoingia, kiharusi kikamwangusha. Ubavu wote wa kulia ukafa, pamoja na ule mkono wa kuchongea. Daktari akasema ni damu. Haya, damu. Mke hana, ndugu hana, wa kumlisha akabaki Ishbel. Kila siku alimkalisha mbele ya kioo, bakuli la uji wa shayiri mkononi.

"Nigeuze," Bwana akanong'ona kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Wananigongea."

"Fungua mdomo, Bwana. Uji unapoa."

Msinitazame hivyo. Mimi nisingempa hata huo uji.

Akafa ameketi, macho wazi kuelekea kioo, mkono wa kulia umelala pajani palepale Ishbel alipouweka. Ishbel akainama kumfumba macho. Ndipo akaona kiganja kipya, kwa ndani, katikati ya vile vingine. Vidole vimetanuka kama vya mtu anayesukuma mlango.

Kilikuwa cha mkono wa kulia. Kidole gumba kimepinda.